Mashavu Mapya ya Mwanvua

Jua lilikuwa linazama Kasongo nilipompelekea dada yangu Mwanvua mawese. Jirani yangu Sidonie, Mkristo mzaliwa wa Kabambare, alinifuata. Alitaka kuyaona hayo mashavu yaliyosemwa soko zima.

Mashavu yenyewe! Faradji, mume wa dada, alitangaza kuoa msichana, eti mkewe amekauka uso. Yeye mwenyewe kipara, tumbo limemtangulia! Basi Mwanvua akamwendea Bulaimu, aliyefukuzwa dispensari ya Wabelgiji huko Kabambare akatoroka na sindano yao. Bulaimu akayeyusha nta, akamdunga chini ya ngozi. Mashavu yakajaa. Faradji akaahirisha harusi, na dada yangu maskini akafurahi.

Kisha uso ukavimba, ukawa mweusi. Jicho la kushoto likazima. Mwanvua akajifungia ndani.

Nilibisha hodi.

Harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi ilipenya mlangoni. Nyumba ile haikuwa na mshumaa hata mmoja.

"Ingia," alinong'ona. "Usiwashe moto."

Alikuwa amekaa pembeni, kajifunika ushungi.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyowaita dada wakubwa, "unapika na nini?"

"Sipike tena. Moto ikiwa karibu... inatembea."

"Nini inatembea?"

Alishika mkono wangu, akauweka shavuni. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu, kama harage.

Kikasogea.

Polepole, kikaukimbia mkono wangu kuelekea taya. Nilirudi nyuma nikapiga kelele. Sidonie, aliyebaki nje, akasukuma mlango wazi, mwanga wa mwisho ukaingia, ushungi ukaanguka.

"Léocadie!" Sidonie alilia, akiukodolea macho uso wa dada yangu.

"Nani?" nilimuuliza.

"Mudogo wangu," Sidonie alinong'ona. "Tulimuzika Kabambare. Ku matanga tuliwasha mishumaa ku kichwa yake. Muganga mumoja wa shindano, ule wa kudunga watu, alikuja, akalia kupita siye ndugu. Akakusanya nta yote ya ile mishumaa. Tulisema iko mutu wa Mungu."

Sisi Waislamu hatuwashi mishumaa kando ya maiti. Mwanvua angejuaje kuuliza nta ile imetoka wapi?

Tulimtafuta Bulaimu. Nyumba yake ilikuwa tupu. Daktari wa Kizungu alisema nta hutembea ndani ya nyama, huvimbisha, hupofusha, na kuitoa yote haiwezekani. Alisema hivyo huku akinawa mikono. Kuhusu ile sura ya marehemu hakusema kitu.

Faradji akaoa. Ngoma zake tulizisikia mpaka uani kwetu, nami nilimlaani kwa sauti, sijali nani alinisikia. Mwanvua alikuwa amekaa kibarazani kwetu, ametupa mgongo.

"Yaya," nilimwita. "Mwanvua. Yaya Mwanvua!"

Hakugeuka.

Sidonie akanitazama, machozi yakimtoka. Kisha akaita kwa sauti ya chini sana:

"Léocadie..."

Dada yangu akageuka, akatabasamu.