Sifuri ya Mlango wa Nyuma

"Mgonjwa anatoka leo," sauti ya Mkuu ilisema sikioni. "Bila ruhusa ya daktari."

Msumari alielewa. Kipande cha kobalti kilichoibwa kwenye mashine ya zamani ya kutibu saratani kilikuwa bado ndani ya hospitali. Leo wezi wangekitoa na kuwakabidhi wageni fulani, na wageni hao hawakuwa na mgonjwa wa kutibu. Walitaka kukifunga kwenye bomu na kulilipua sokoni.

Akasimama mlango wa nyuma. Sare ya mlinzi, bastola ya Glock kiunoni, kipima mionzi mkononi.

Macho yalikuwa dirishani.

Ng'ambo ya kioo mkewe alikuwa anacheka na mfamasia. Mkewe ndiye mkaguzi wa vipima mionzi katika kitengo cha tiba ya nyuklia, na ndiye pekee pale aliyejua kwamba mumewe ni mpelelezi, si mlinzi. Mfamasia alikuwa mrefu, shati limenyooka, manukato yake yanafika kabla yake. Watu walimwita Mtanashati. Msumari alikuwa na majina mengine, lakini aliyaweka moyoni.

Asubuhi mkewe ndiye aliyempa kipima kile.

"Baba watoto, nisikilize. Kabla ya kazi tunapima vipima vyenyewe. Unaangalia betri. Unakiweka penye hiki chanzo kidogo cha majaribio, kisome kama jana. Halafu unakipeleka mbali na kila kitu. Hata huko kitalia kidogo, tik, tik, maana mionzi kidogo ipo kila mahali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Hakuwa amesikia hata nusu. Mtanashati alikuwa anapita. "Shemeji! Hongera kwa kazi mpya, sare imekukaa!"

Shemeji! Neno lile lilimkaa kooni hadi saa hii.

Mlango ukafunguka. Mtanashati akatoka, mkono shingoni.

Tiktiktiktiktik!

Msumari akatabasamu. Wivu wake ulikuwa umepata muhuri wa serikali.

Nyuma ya Mtanashati dereva alisukuma kitoroli cha mashuka machafu, jasho linamtiririka. Msumari akakielekezea kipima bila hata kugeuza shingo. Kimya. Sifuri.

"Pita, pita."

Kisha akamkunja Mtanashati kola na kumbana ukutani. "Kiko wapi?"

"Nini, shemeji?"

"Usiniite shemeji!"

Sauti ya mkewe ikapasuka redioni. "Baba watoto, mwachie!"

"Analia mwili mzima huyu! Mnanificha nini ninyi wawili?"

Mtanashati akasema kwa taabu, "Mwambie tu, dada."

"Ana uvimbe shingoni," mkewe alisema. "Asubuhi amechomwa sindano ya dawa yenye mionzi ili apigwe picha. Hataki watu wajue. Anaogopa, ndiyo maana nakaa naye nikimchekesha."

Msumari akaiachia kola. Aliona aibu, na kwa aibu hiyo wivu ukazidi kumuuma, maana sasa haukuwa na pa kwenda.

"Nani mwingine amepita?" mkewe aliuliza.

"Dereva wa mashuka. Yule hana kitu. Sifuri."

"Sifuri ya kulia kidogo?"

"Kimya kabisa."

"Mungu wangu! Kipima kizima hakinyamazi kabisa, hata chumbani kwetu kingelia. Hicho kimezidiwa! Mionzi ikizidi mno, cha aina hiyo hukatika sauti. Ni yeye!"

Pikipiki ya Msumari, Yamaha, ikanguruma.

Alilikuta gari la yule dereva, Hilux jeupe, kwenye barabara ya viwandani. Risasi mbili, tairi mbili. Gari likayumba, likaparamia ukingo, likazima.

"Usisogee!" mkewe alisema redioni. "Mita hamsini. Waje wao kwako!"

Kwa mara ya kwanza siku ile alimsikiliza hadi mwisho.

Dereva alishuka akitapika, akaja kwa magoti. Mgeni mmoja wa miwani, aliyekuwa ameketi kando yake, akashuka na kuinua bastola. Msumari akamwahi kwa risasi ya mkono. Bastola ikaanguka.

Kwisha.

Mkewe alifika na kikosi chenye ngao za madini ya risasi za kuzuia mionzi na koleo ndefu. Kila mtu alikuwa anapiga kelele. Yeye alichutama barabarani, akatoa kile chanzo chake kidogo, akapima kipima chake kwanza. Betri. Chanzo. Tik, tik. Hakuharakishwa na mtu. Msumari aliutazama utulivu ule, namna alivyokiinamia, akakionea wivu hata kipima.

"Mgonjwa vipi?" Mkuu aliuliza sikioni.

"Amerudishwa wodini."

Hospitalini, Mtanashati alikuwa kwenye benchi, bado anasubiri picha yake, kola imechanika. Msumari akasimama mbele yake. Akainyoosha ile kola kadiri ilivyokubali.

"Majibu lini?"

"Kesho. Mke wako kesho hayupo kazini."

"Najua." Akakohoa. "Nitakuja kukaa na wewe mimi, shemeji."

Mtanashati akainua uso, macho yamelowa.

"Ila hayo manukato," Msumari alisema akivaa miwani yake ya jua, "punguza."

Akaondoka bila kugeuka nyuma.