Mngurumo Ndani ya Chombo Kilichozimika

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Pascoe, mjini Bristol, palikuwa na vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya uji. Baba alipika uji wa shayiri, akautia maziwa, akausogeza mbele ya binti yake Tamsin. Tamsin alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Aliurudisha ulikotoka.

"Kula, mwanangu. Leo una kazi," alisema Baba.

"Uji ni wa watoto wachanga, Baba."

"Basi mbele yako amesimama mtoto mchanga mwenye upara. Kula bwana, tutachelewa!"

Baba alitoka kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Mlango ulipofungwa tu, Tamsin akamimina uji wote katika bakuli la paka. Verity, rafiki yake wa shuleni, alikuwa amemwambia kwamba waigizaji wa kweli hawali asubuhi, ili sauti itoke nyepesi. Paka, ambaye hakuwa na habari na mambo ya sauti, alilamba bakuli hadi likang'aa.

"Umekula?" Baba aliuliza aliporudi.

"Nimekula," alijibu Tamsin, macho makavu kabisa.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Zamani, Baba alipokuwa mdogo kuliko Tamsin, runinga ilikuwa na mfululizo ulioitwa *Mshumaa wa Mbali*, uliohusu chombo cha anga kilichopotea kati ya nyota. Watoto wa nchi nzima waliacha mipira uwanjani wakaenda kuutazama. Kisha wakubwa wa runinga wakaukata, tena katikati ya kisa! Kapteni alikuwa amesimama gizani, mitambo ya chombo imezimika, maadui wanagonga mlango. Alisema neno moja tu, "Hatujamaliza," na kioo kikawa cheusi. Wiki iliyofuata, saa ileile, kikawekwa kipindi cha mapishi.

Watu waliandika barua. Wengine walisimama na mabango mvuani. Wakubwa hawakubadili neno. Lakini wale watazamaji nao walikuwa wakaidi, na ukaidi wao haukuisha walipoota mvi. Baadhi yao walikutana wakasema: kama hatuna runinga, tuna masikio. Kisa kitaendelea kwa sauti tupu. Mwigizaji wa Kapteni, Mzee Desmond Ackerley, alikuwa bado hai. Tamsin alishinda wasichana wengi akapewa nafasi ya Zefi, mtoto aliyejificha ndani ya chombo. Baba alipopata habari hiyo alilia, halafu akasema ni vitunguu.

Baba alimwacha Tamsin kwenye mlango wa studio, naye akapokewa na mwongozaji, Bi Philippa Thorne. Mezani palikuwa na mikate, ndizi na birika la chai.

"Sheria yetu hapa ni moja," alisema Philippa. "Tumbo tupu haliingii chumbani. Maikrofoni hizi zinasikia hadi mtu akimeza mate. Tamsin, umekula, mpenzi?"

"Nimekula nyumbani."

Uongo wa pili ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Ndivyo ulivyo uongo. Ukishaupa kiti, unaanza kujipakulia chakula.

Mzee Desmond alikuwa amekula chumvi nyingi, na masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini mgongo wake ulikuwa bado umenyooka kikapteni. Walipomwonyesha chumba chake cha peke yake aligoma.

"Mimi sizungumzi na ukuta," alisema. "Nataka nimwone macho huyu mtoto."

Basi wakasimama pamoja, uso kwa uso. Walianzia palepale kisa kilipokatwa. Chombo kimezimika, kimya kimetanda, Kapteni na Zefi wananong'onezana gizani. Mzee alivuta pumzi ili aseme neno lake. Kabla hajalisema, kitu kikanguruma.

*Ngrrruuu-uuu.*

Nyuma ya kioo, Imran, fundi wa sauti, alivua hedifoni. "Kuna tumbo," alisema.

Wote wakamtazama mzee. Tamsin naye alikodolea karatasi zake macho kama ndiyo kwanza anajua kusoma.

"Ni mimi?" aliuliza Mzee Desmond. "Mniwie radhi. Siku hizi hata mlango ukigongwa sisikii, sembuse tumbo langu."

Akala ndizi. Wakarudia. Tumbo likanguruma. Akala mkate, akanywa chai. Wakarudia tena, na tumbo likanguruma palepale kwenye kimya, refu zaidi ya mwanzo. Kila mara Tamsin alitaka kusema, na kila mara kiburi kilimziba mdomo. Angesemaje sasa, baada ya kusema mara mbili kwamba amekula?

Philippa akatangaza mapumziko. Tamsin alikwenda kunywa maji, na kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi kidogo akamsikia Philippa akizungumza na Imran.

"Nampenda mzee yule kama baba yangu," Philippa alisema, "lakini kwa namna hii hatufiki. Kuna kijana anayemwigiza sauti, huwezi kuwatofautisha. Nitamwita amalizie."

"Na mzee utamwambia nini?"

"Nitamwambia apumzike."

"Amesubiri neno moja miaka yote hiyo, halafu unamwambia apumzike!"

"Usinifanye nilie, Imran. Sina njia nyingine."

Tamsin aliona uso ukimwaka moto. Kwanza alimkasirikia Philippa. Kisha akageuka, akamwona Mzee Desmond peke yake kwenye kiti cha ukumbini, ameshika karatasi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili aliupitisha juu ya tumbo lake taratibu.

"Tulia wewe," mzee alikuwa akiliambia tumbo. "Neno moja tu. Nitunzie heshima kwa neno moja."

Hapo hasira ya Tamsin ikajua inakostahili kwenda. Alijichukia kwelikweli. Akapiga moyo konde, akausukuma mlango wa jikoni mpaka ukagonga ukuta.

"Humwiti mtu!" alisema.

Philippa alishtuka. "Tamsin! Hayo ni mazungumzo ya watu wazima."

"Humwiti mtu, maana tumbo lile si la mzee. Ni langu. Sijala tangu jana usiku. Uji nilimpa paka, nikamdanganya Baba, nikakudanganya na wewe."

"Unamtetea tu, mpenzi. Ni jambo zuri, lakini..."

"Simtetei! Niwekeni chumbani peke yangu msikilize! Na kama kuna wa kufukuzwa, basi ni mimi. Yeye akitoka mlango ule kwa kosa langu, mimi sisemi neno hata moja la Zefi. Sisemi!"

Philippa na Imran wakatazamana. Wakamwingiza chumbani peke yake, mlango ukafungwa, Imran akapandisha sauti. Mzee Desmond, aliyevutwa na kelele zile, alisimama nyuma ya kioo asijue kinachoendelea. Imran akamvalisha hedifoni.

Kimya. Kimya tena. Halafu, *ngrrruuu-uuu-grup!*

Imran alicheka mpaka akashika meza. Philippa hakucheka. Naye Mzee Desmond alivua hedifoni polepole, akafungua mlango wa chumba.

"Kwa hiyo si mimi?" aliuliza.

"Si wewe, babu," alisema Tamsin. Machozi yakamtoka hapohapo. "Ni mimi tangu mwanzo. Nisamehe."

"Asubuhi nzima nimedhani mwili wangu umeanza kunisaliti mbele za watu. Nilikwishaanza kujiuliza kama nilifanya upumbavu kuja hapa. Uliniona nikijilaumu, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Imeniuma, binti."

Alisema hivyo tu, na Tamsin aliona afadhali angepigiwa kelele. Kisha mzee akamshika bega, akampeleka mezani, akamwekea maharage juu ya mkate uliookwa. "Kaa. Kula. Na usinitazame hivyo, kula!"

Tamsin alikula, machozi na maharage pamoja. Philippa alimwendea Mzee Desmond akamwomba radhi kwa yale aliyotaka kufanya. Kisha akamgeukia Tamsin. "Kwa uongo ule ningekurudisha nyumbani," alisema. "Ila umeukata mwenyewe, tena kwa kuhatarisha nafasi yako. Futa uso. Tunarudia."

Wakarudia. Chombo kikazimika, maadui wakagonga, na chumba kizima kikawa kimya. Mzee akamtazama Tamsin machoni, akavuta pumzi.

"Hatujamaliza," alisema.

Hakuna aliyesogea. Imran aliinua dole gumba nyuma ya kioo, huku akijifuta macho kwa mkono wa shati.

Jioni Baba alipofika kumchukua, Tamsin hakungoja kuulizwa. Alimweleza yote palepale mlangoni, pamoja na habari za bakuli la paka.

"Kumbe!" alisema Baba. "Na mimi nashangaa paka ananenepa, mtoto anakonda. Nani alikufundisha ukaidi huu?"

"Usimlaumu kwa ukaidi," Mzee Desmond alisema huku akifunga skafu yake. "Bila wakaidi, kisa chetu kingekufa siku ile ya kipindi cha mapishi. Lakini sikiliza, Tamsin. Ukaidi ni sawa na kisu cha jikoni, lazima ujue unakata nini. Asubuhi ulikaidi uji, ukaumia wewe, nikaumia na mimi. Mchana ulikaidi uongo wako mwenyewe mbele ya watu wazima, na hakuna aliyeumia ila huo uongo. Kesho, kabla hujakaidi, jiulize kwanza unamkaidi nani. Na kula uji, mtoto wewe. Bado tuna vipindi sita."