Mdomo wa Kuazima

“Mkalimani,” daktari alisema kwenye simu, “mgonjwa hajafungua mdomo.”

Mkalimani alikuwa amekwisha kutafsiri. Kwa sauti yake ya kazini, ile isiyopanda wala kushuka, alikuwa amesema: “Nina baridi, na huku chini kuna giza.” Akaomba radhi haraka, akausingizia mtandao wa meli aliyopanda, ambao kwa kweli ulistahili kusingiziwa mengi.

“Labda amenong’ona, daktari.”

“Atanong’onaje na kipimajoto kiko mdomoni? Na chini wapi? Mzee yuko kitandani, jua linampiga usoni.”

Wakaendelea. Mzee alipotolewa kipimajoto alisema ana njaa, na hilo halikuhitaji ubishi.

Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kuazimisha mdomo. Hospitali zilimpigia kupitia kompyuta, hazimwoni wala yeye hazioni, na wagonjwa wasiojua lugha ya daktari walisema kwa kinywa chake. Sheria ya kazi ni moja: mgonjwa akisema “naumwa”, mkalimani naye anasema “naumwa”. Hasemi “anasema anaumwa”. Kwa hiyo siku moja huweza kuwa mjamzito asubuhi na babu mwenye ngiri mchana, na jioni akapika chakula cha watu kama kwamba hakuna lililompata. Mkalimani mzuri hangoji aelewe ndipo aseme. Anasema huku anasikia, mdomo ukiwa mbele na akili ikiufuata nyuma. Yeye alikuwa mzuri sana, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Safari ya meli ya kitalii ilikuwa ya mumewe. Mume ni fundi wa majokofu, na kampuni yake ilimzawadia tiketi ya watu wawili. Ofisi ya mkalimani ilikataa kumpa likizo. “Kazi yako ni ya mtandao,” msimamizi alimwambia, “hata mwezini utaifanya.” Basi akajifungia asubuhi zote katika chumba chao cha chini, chumba kisicho na dirisha, ambamo ukizima taa saa sita mchana ni usiku wa manane, huku mume akizunguka sitahani akikagua mashine za ubaridi za watu bila kuombwa. Mtandao ukikatika, mfumo ulirusha simu kwa mkalimani mwingine aliye huru. Mara nyingi alikuwa mwenzake wa lugha ile ile, mama mmoja waliyemwita Chiriku kwa sababu hajui kunyamaza.

Kesho yake sauti ilirudi. Mjamzito alikuwa anaeleza kichefuchefu, na katikati ya kichefuchefu mkalimani akajisikia akisema: “Nimekaa sana peke yangu.” Muuguzi akamuuliza mjamzito kama mumewe yuko. Mjamzito akashangaa, akasema yuko, ameegemea mlango. Mkalimani akavua hedifoni, akakaa akitazama ukuta. Lililomtisha halikuwa lile neno. Lililomtisha ni kwamba aliporudisha kumbukumbu nyuma aligundua halikusemwa kwa lugha ya daktari wala ya mgonjwa. Lilisemwa kwa lugha ambayo hakuwahi kujifunza popote, na yeye alikuwa ameitafsiri bila kukwama.

Alianza kushuku watu, maana watu ndio wa kushukiwa kwanza. Alimshuku abiria wa chumba cha jirani. Alimshuku msimamizi, kwamba anampima kwa siri ampate na kosa. Mwisho akampigia Chiriku.

“Mwenzangu, unanichezea?”

“Nikuchezee na nini? Tangu uondoke simu zako nusu zinanirukia mimi, hata maji sijapata nafasi ya kunywa. Wewe uko kwenye meli unapigwa na upepo, halafu unanishuku mimi mpiga kasia! Hivi huko chakula kikoje?”

Ndani ya chumba pakaanza kunuka. Harufu ya nguo zilizosahaulika ndani ya ndoo, na nyuma yake harufu ya mwani uliooza. Mhudumu wa vyumba alipuliza manukato, na harufu ikayameza.

Mume naye alikuwa na shaka zake. Alishuka siku hiyo kuchukua kofia, na mlangoni akasikia sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea, na damu ikampanda. Aliusukuma mlango kwa bega. Akachungulia chooni, akafungua kabati, akapiga magoti akatazama chini ya kitanda ambako hata paka asingeenea. Mkewe alikuwa kwenye kiti, hedifoni masikioni, akimtazama kama mtu aliyeamshwa.

“Yuko wapi?” mume aliuliza.

“Nani?”

“Usinifanye mtoto, mama. Mwanamume aliyekuwa anaongea humu.”

“Nilikuwa natafsiri. Mgonjwa ni bibi kizee.”

Mume alitaka kujibu, lakini mguu wake uliingia kwenye maji. Mbele ya kiti, zulia lilikuwa limelowa mahali pawili, pafupi pafupi, kila pahali pana urefu wa unyayo, na nyayo zote mbili zimemwelekea mkewe. Kwa mazoea ya ufundi akainama kutafuta bomba. Akagonga ukuta, akagonga sakafu, akaweka sikio.

“Hapa hakuna bomba linalopita,” alisema polepole. Kisha akaketi kitandani, na sauti yake ikashuka. “Mke wangu, nitakuambia kitu na usipige kelele. Nilipofungua mlango ile sauti ilikuwa bado inaongea. Midomo iliyokuwa inacheza ni yako.”

“Niliingia kumtafuta mwanamume,” mume akaongeza, “na afadhali ningemkuta.”

Walimpigia mjomba wa mkalimani, ambaye ni mganga, mtu wa maneno machache anayeudhika akipigiwa simu wakati wa kula. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Kabla sijasema lolote,” akasema, “yeye akijibu, usinitafsirie. Umesikia, mwanangu? Sitaki kujua amesema nini.”

“Nimesikia, mjomba.”

“Huyo ni jini wa maji, na huko ni kwao. Nyinyi ndio mmeingia bila hodi. Hana ugomvi nawe. Anatafuta njia ya kwenda nchi kavu, na wa aina yake hawezi kutembea isipokuwa ndani ya mdomo uliomsemea. Wewe kila siku unamsemea, tena unasema ‘mimi’, ‘mimi’. Kila neno ni ngazi moja amepanda. Funga mdomo mpaka mtie nanga. Ukishuka bila yeye, basi, hana njia.”

“Na kazi, mjomba?”

“Waambie unaumwa. Si uongo.”

Akawaambia anaumwa. Akalala na kompyuta imefungwa, mume ameikalia juu kama kuku wa mayai, na harufu ikapungua kidogo kidogo. Hofu ilimtoka, akaanza hata kumcheka mumewe. Asubuhi ya kufika bandarini, wakati tayari watu wanafunga mizigo, msimamizi akampigia. Hakugomba. Alikuwa anabembeleza, na hilo lilikuwa geni. Kuna mtoto kwenye meza ya upasuaji, utumbo umejifunga. Chiriku yuko kwenye simu nyingine. Wengine wa lugha hiyo hawapatikani. Mama mtu analia tu na hakuna anayemwelewa.

“Ni maswali machache,” msimamizi alisema. “Nakuomba.”

Mkalimani alimtazama mumewe. Naye ni mama; watoto wake wako kwa bibi yao. Nani angekataa?

“Nitakaa mbele yako nikuangalie midomo,” mume alisema. “Nikisikia lile dume, nang’oa waya.”

Simu iliingia. Daktari alikuwa na haraka, nyuma yake vyuma viligongana. Jina la mtoto, uzito wake, amekula saa ngapi. Mama alijibu kwa kwikwi na mkalimani akatafsiri neno baada ya neno, kwa tahadhari ya mtu anayetembea gizani kwenye nyumba ya wenyewe, akingoja, akisikiliza kwanza, akikataa kuuacha mdomo utangulie. Kisha daktari akauliza: “Mtoto amewahi kupewa dawa ya usingizi ikamdhuru?”

Mama akajibu, “Ndiyo, alivimba koo, nusura nimpoteze.”

Na mama akajibu, “Hapana, hajawahi kudhurika.”

Sauti ile ile. Kwikwi ile ile, kamasi zile zile za kilio, uchovu ule ule wa mtu asiyelala, zikija moja juu ya nyingine kwa lugha ya nyumbani safi kabisa, kwa maana sasa alikuwa amejifunza na hakuhitaji tena lugha yake ya chini, na mkalimani akajua kwamba mmoja kati ya hawa wawili hana mtoto, hana koo, hana haja na uzima wa mtu yeyote, anataka neno lake tu litamkwe, na kwamba akitamka lile la uongo mtoto atachomwa sindano afie mezani, na akinyamaza kama alivyoagizwa na mjomba daktari ataamua peke yake, na harufu ya mwani ikamjaa puani, na zulia chini ya miguu yake likaanza kulowa kuanzia vidole kwenda kisigino, na mdomo wake, mdomo huu aliouazimisha miaka yote, ulikuwa tayari umefunguka nusu na ulimi unatafuta pa kuanzia.

“Mkalimani? Nina mgonjwa hapa!”

Alifanya jambo ambalo kazini ni kosa. Alijisemea mwenyewe.

“Daktari, huyu ni mimi mkalimani, si mama. Mtandao unanichanganyia sauti. Nitamwomba mama ajibu kwa kichwa. Mwangalie wewe kwa macho yako.” Akageukia lugha ya nyumbani. “Mama, nyamaza kabisa. Kama dawa ya usingizi iliwahi kumdhuru mwanao, tikisa kichwa juu chini. Kama hapana, huku na huku.”

Sikioni, sauti ya mama ikaanza kupiga kelele: hapana, hapana, hapana. Mkalimani aliuma midomo mpaka akaonja damu. Mume alikuwa ameushika waya kwa mikono miwili na machozi yanamtoka.

“Anatikisa juu chini,” daktari alisema. “Tena kwa nguvu. Sawa. Badilisheni dawa! Hiyo iondoeni!”

Kelele zikakatika. Palikuwa na kimya, na ndani ya kimya pumzi moja ndefu, kisha mtandao ukakatika na skrini ikawa nyeupe.

Walikumbatiana. Mume alicheka, akalia, akacheka tena. Zulia lilikuwa kavu. Chumba kilinuka sabuni na manukato ya mhudumu tu. Mjomba, walipompata, alisema “Vizuri” na kuuliza kama sasa anaweza kula. Wakapanda na mizigo yao, mchana ukawamwagikia usoni, na mkalimani alipokanyaga nchi kavu alijisikia mwepesi, mzima, mwenye mdomo wake peke yake.

Simu yake ikaita wakiwa bado bandarini. Alikuwa Chiriku, yuko nyumbani, zamu imekwisha.

“Mwenzangu, yule mtoto wako kapona! Simu yako ilipokatika ikanirukia mimi palepale, ndiyo kwanza nimemaliza ile nyingine. Wamemfanyia upasuaji, yuko salama salimini. Ila yule mama ana maneno! Nimemtafsiria muda mrefu, mpaka daktari akaniuliza namtafsiria nani, maana mama alikuwa ameshatoka nje kungojea. Nikamwambia ni huo mtandao wenu.”

Mkalimani alisimama. Watu wakawa wanampita na masanduku.

“Alikuwa anasema nini?” aliuliza.

“Ah, shukrani tu na…” Chiriku akakatisha. Nyuma yake watoto wake walikuwa wanagombania kitu, wanacheka. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya kazini isiyopanda wala kushuka: “Nimefika. Nyumba ina joto, na ina watoto.”

“Umesemaje?”

“Mimi? Sijasema kitu. Nilikuwa natafsiri tu.”

“Zamu yako si imekwisha? Unamtafsiria nani, mwenzangu?”

Chiriku hakujibu, na nyuma yake watoto nao, mmoja baada ya mwingine, wakanyamaza.