Kamusi na Neno Dogo la Daktari

Kila asubuhi kabla ya shule, Kamusi alimfunga mdogo wake kamba za viatu huku akimfundisha Kiingereza. Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa hakuna neno aliloulizwa akakosa jibu. Akilijua, alijibu. Asipolijua, alijibu vilevile, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Siku hiyo mdogo wake hakutaka somo. Alikuwa ameharisha usiku kucha, lakini alikazania kwenda shule. Kabla ya mapumziko mwalimu alimkuta amelalia dawati, akamwita Kamusi amrudishe nyumbani. Bibi hakuuliza mengi. Alimbeba mgongoni, wakaenda zahanati wote watatu.

Nesi alikuwa chumba cha pili akimzalisha mama mmoja. Daktari alikuwa mgeni, na Kiswahili chake kilikuwa maneno mawili tu, "karibu" na "pole", ambayo aliyasema kwa pamoja.

"Sasa tutaelewana vipi na huyu?" Bibi akauliza.

"Mimi si nipo, Bibi," Kamusi akasema.

Alianza vizuri. Alifasiri umri wa mtoto, kuharisha na kutapika. Kisha daktari akauliza, "Has he gone today?"

Hapo Kamusi hakuona ugumu wowote. *Go* ni kwenda, hata watoto wa darasa la kwanza wanajua.

"Bibi, anauliza kama leo ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Shule, nadhani."

"Si ameenda, wakamrudisha? Mwambie ameenda."

"Yes," Kamusi akasema. "He has gone."

Daktari akashusha pumzi, akaanza kuandika vidonge vya kumeza nyumbani. Bila kuinua kichwa akauliza ilikuwa ya rangi gani.

Kamusi alishangaa kidogo. Rangi? Akaitazama sare ya mdogo wake.

"Blue," akajibu. "Blue and white."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamtazama mtoto, kisha akamtazama Kamusi, akauliza tena polepole. Kamusi alitaka kutaja rangi nyingine. Lakini mdogo wake alikuwa akilia, na alilia bila machozi. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka. Kamusi alimpenda mtoto huyo kuliko sifa zote za darasani.

"I don't know," akasema kwa sauti ndogo. Akamgeukia Bibi. "Sijui anauliza nini, Bibi. Nilikuwa nabuni tu."

Daktari hakumkaripia. Alichukua kikombe cha kupimia mkojo, akakionyesha, kisha akaonyesha suruali ya mtoto.

"Kumbe ni haja ndogo," Bibi akasema akitabasamu, kisha tabasamu likamtoweka usoni. "Mwambie hajaenda tangu jana jioni."

Kamusi alipofasiri hilo, daktari aliichana ile karatasi ya vidonge. Muda si mrefu mtoto alikuwa kitandani, ametundikiwa dripu.

Nesi alipomaliza kazi yake, alimkuta Kamusi akilia mlangoni.

"Amekaukiwa maji mwilini," Nesi akamwambia. "Mngerudi naye nyumbani, tungeongea mengine. Lakini daktari ameniambia ulisema hujui, tukawahi."

"Mimi nilijua *go* ni kwenda tu."

"Neno hilo lina kazi nyingi. Kwa Waingereza kengele ikilia, ime-*go*. Maziwa yakiharibika, yame-*go*. Hata sisi saa inakwenda na haina miguu, na mtu akienda haja hatumuulizi nauli."

Kamusi akacheka huku anafuta kamasi.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama, mdogo wake alifungua macho. "Dada, nataka kwenda."

"Kwenda wapi?" Kamusi akauliza, maana sasa alitaka uhakika.

"Chooni."

Bibi alishukuru Mungu, akamvuta Kamusi karibu. "Mjukuu wangu, kutojua si aibu. Ubaya ni kujibu usichokijua, na mwenzako akaumia kwa jibu lako. Haya, mpeleke mwenzio."

Waliporudi, daktari alikuwa amesimama kando ya kitanda.

"He has gone," Kamusi akamwambia.

Daktari akauliza rangi.

"Yellow," Kamusi akajibu. Safari hii alikuwa ameangalia mwenyewe.