Ile Sentensi ya Koko Mukamazimpaka

Simu ya Tumukunde ililia akiwa katikati ya kusahihisha madaftari ya darasa la tano, na kabla hajaishika alishajua ni nini. "Badiliko lako limetenguliwa. Sababu: hakuna chanzo." Mara ya nne wiki ile. Na aliyetengua si mtu wa mbali asiyemjua. Ni Bashige, mchumba wake, ambaye baada ya wiki tatu alikuwa aje na wazee wake kwenye gusaba, kumwomba kwa familia.

Sasa niambie wewe, mwanaume gani anakuja kuposa huku anamfuta bibi wa mtu?

Wote wawili walikuwa wahariri wa kujitolea wa kamusi elezo ya Kiswahili ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaweza kuandika na kila mtu anaweza kufuta. Hawalipwi hata senti, lakini ugomvi wake si wa bure. Walijuana humo humo, kwenye kikao cha Jumamosi cha wahariri wa mji wa Kamembe, upande wa Rwanda. Tumukunde alikuwa mwalimu kule Muganza, shule ambayo malori ya saruji yakipita madirisha yote yanatetemeka. Bashige, mtoto wa Bukavu, upande wa Kongo, alikuwa deklara pale Rusizi II, daraja la mto wa mpakani, akiwaandikia wafanyabiashara karatasi za forodha. Kutwa nzima kazi yake ni kuuliza karatasi iko wapi, na ugonjwa huo akauleta kwenye kamusi.

Makala yenyewe ilihusu ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo watu wa milimani huwabebea wagonjwa mabegani mpaka hospitali. Tumukunde aliandika kwamba kikundi cha kwanza cha ingobyi cha kilima chao, pale Mibirizi, kilianzishwa mwaka 1972 na mwanamke aitwaye Mukamazimpaka. Huyo ni bibi yake mzaa mama, Koko, na bado yuko hai. Tumukunde alilelewa Bukavu kwa shangazi, lakini kila likizo alipelekwa kilimani, na kwa macho yake aliiona ingobyi ikining'inia ukutani sebuleni kwa Koko. Mtu akiugua, wanaume walikuja kuichukua pale. Wakimaliza, waliirudisha pale. Nani anawekewa mali ya kilima kizima nyumbani kwake kama si mwanzilishi?

Aliweka madaftari pembeni akapiga simu.

– Bashige, uko nafuta Koko yangu juu ya nini?

– Siko nafuta Koko yako. Niko nafuta sentensi.

– Muntu yote ya Mibirizi anajua ile mambo.

– Basi mumoja wao aandike, tuone aliandika wapi. Hapa kwenye daraja, camion ya mizigo ikifika, muntu akisema mizigo ni yake, ninamuachaka apite?

– Mimi siko camion, Bashige.

Alikata. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata Jumamosi mbili zilizopita Bashige hakuonekana kikaoni. Kila akiulizwa alisema ana kazi Bukavu, bila kueleza kazi gani. Kufuta, hata hivyo, alipata nafasi. Tena alilipeleka jambo kwenye ukurasa wa majadiliano, mbele ya watu wote, na wahariri wengine wakamuunga mkono kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi: samahani dada, kanuni ni kanuni, simulizi za familia hazitoshi. Tumukunde alisoma yote hayo akiwa amesimama jikoni, ugali ukaungua.

Basi akafanya kosa ambalo mhariri tu ndiye anaweza kulifanya. Alikwenda kwa baba yake mkubwa, Tonton Damascène, mwalimu mstaafu na ndiye atakayekuwa msemaji wa familia siku ya gusaba. Tonton alikuwa akitayarisha kijitabu cha sherehe ya koperative yao ya mpunga. Tumukunde akamwomba aiingize ile sentensi kwenye sura ya historia. Mzee hakuuliza mengi. Mtoto wa ndugu yake ni msomi, anaandika kwenye mtandao, atakuwa anajua. Kijitabu kikachapwa, na jioni ile ile Tumukunde akairudisha sentensi kwenye kamusi, safari hii na tanbihi yake chini: kijitabu fulani, ukurasa wa kumi na nne.

Sentensi ilikaa siku mbili. Alilala vizuri siku hizo mbili, tusimsingizie.

Siku ya tatu, saa ya chakula cha mchana, Bashige alifika shuleni kwa pikipiki. Hakusalimia walimu wengine. Alimvuta pembeni ya ukuta, akatoa kijitabu mfukoni.

– Hii ilichapwa juzi juzi. Sentensi ni ile yako, neno kwa neno. Tonton aliitoa kwenye kamusi, sasa kamusi inaitoa kwa Tonton. Ni wewe ulimuomba?

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tumukunde ilikuwa imeishia pale ukutani. Angeweza kukiri. Lakini mtu aliyekamatwa huwa na hasira kuliko aliyekamata.

– Ni mimi. Na ningefanya nini? Neno yangu haikutoshi. Nikikuambia nimeona kwa macho, unataka karatasi. Kesho nitakuambia mutoto ni wako, utataka karatasi pia?

– Tumukunde, usiseme vile.

– Ambia papa yako asikuje. Siwezi kuolewa na muntu hanisadiki.

 Bashige akatoa bahasha ya kaki ndani ya koti, akamwekea mkononi, akapanda pikipiki yake.  Lori likapita, vumbi likawafunika wote wawili, na lilipotulia yeye hakuwepo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya kijarida cha zamani cha misheni, cha mwaka 1973, kwa Kifaransa. Mwandishi alisimulia kuhusu mjane mmoja, Nzigire, mwanamke wa ng'ambo ya mto ambaye hakuwa na mtoto, aliyekuja kuishi Mibirizi na mwaka 1972 akawakusanya wanaume kumi na wawili, akawapangia zamu za kubeba wagonjwa kwa ingobyi. Nzigire. Jina la Mukamazimpaka halikuwepo popote. Pembeni, kwa kalamu, Bashige alikuwa ameandika mahali alipoipata, maktaba ya mapadri Bukavu, na tarehe. Ilikuwa Jumamosi. Ile ya kwanza aliyokosa kikaoni.

Tumukunde hakuamini, au tuseme hakutaka. Kengele ya mwisho ilipolia alikodi pikipiki moja kwa moja mpaka Mibirizi, akiwa tayari na simu ya kurekodi, ili Koko mwenyewe aseme ukweli na hicho kijarida kiaibike.

Alimkuta Koko akipepeta maharagwe. Alimsomea yote, akitafsiri Kifaransa kwa Kiswahili, maana Kiswahili Koko alikijua vizuri tangu enzi za kuuza ndizi soko la Bukavu. Alipolifikia jina la Nzigire, mikono ya Koko ilisimama.

– Nani aliandika ile?

– Padri mumoja, zamani. Anasema ni Nzigire alianzisha. Koko, sema ni uongo, niko narekodi.

– Uongo gani? Ni Nzigire.

– Lakini ingobyi ilikuwa inalala kwako. Niliiona.

– Ililala kwangu juu mimi ndiye wa kwanza kubebwa.

Akaeleza polepole, akianza tena kupepeta. Alikuwa msichana, uchungu wa uzazi ulimshika siku mbili, na mume wake alikuwa mbali. Nzigire alikuwa jirani tu. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatukana wanaume mpaka wakatoka kumi na wawili, wakambeba mpaka hospitali, na mama yake Tumukunde akazaliwa hapo. Baada ya hapo Nzigire alisema kikundi kisivunjike, na ingobyi ikae kwa yule iliyemwokoa, ili asisahau kuwafungulia wengine mlango.

– Mbona haukuniambia?

– Uliniuliza? Ulikuja na simu, ukasema, Koko, nimekuandika. Nilifikiri umeandika vile nilibebwa.

Tumukunde alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Koko alimwacha alie, kisha akasema jambo ambalo lilimkata kuliko yote ya ukurasa wa majadiliano.

– Mimi niko na mujukuu wa kuniandika. Nzigire hana. Wewe ukaenda kumupokonya na ile kidogo.

Pale pale kwenye kigoda Tumukunde alifungua kamusi. Alifuta sentensi kwa mkono wake. Akaandika upya, jina la Nzigire, na tanbihi ya kijarida. Halafu akaenda kwenye ukurasa wa majadiliano, mbele ya watu wote, akaandika: "Kile kijitabu cha koperative si chanzo. Mimi ndiye niliyeomba sentensi iingizwe. Nimekosea, na naomba radhi kwa wahariri wote." Akabonyeza. Kisha akampigia Bashige.

– Nimefuta.

– Nimeona.

– Lakini na wewe ni mwongo. Uliandika hakuna chanzo, na chanzo kilikuwa mufuko yako wiki mbili. Juu ya nini?

 Kelele za darajani zilisikika nyuma yake, watu wakibishana na mizigo yao.

– Nilienda kutafuta karatasi ya kukutetea, akasema Bashige. Nikapata ya kukuangusha. Nikafikiri, nikifuta tu, utachoka, hautalazimika kuisoma. Nilikosa pia.

– Siku ingine nipe niisome. Hata kama ni mbaya.

– Nitakupa.

– Papa yako ulimwambia asikuje?

– Hapana. Sikuwa na nguvu ya kumwambia.

– Basi mwache akuje.

Siku ya gusaba, Tonton Damascène alisimama na daftari lake. Msemaji wa upande wa msichana, kwa desturi, lazima awasumbue wageni: aseme msichana ameshaolewa, aseme hawajulikani, aulize wametoka wapi na nani anawashuhudia. Tonton alikuwa ameandaa kurasa nne za kuwasumbua watu wa Bukavu, na alikuwa amefika nusu ya ukurasa wa kwanza, akimuuliza baba yake Bashige ni nani kwenye kilima hiki anaweza kumshuhudia kijana wake.

Koko Mukamazimpaka aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi msemaji akiwa bado anaongea.

– Mimi namushuhudia, alisema. Miaka yote hii hakuna hata mumoja wenu aliniuliza Nzigire alikuwa nani. Huyu alivuka mto kumutafuta. Mumupatie mutoto.

Tonton Damascène alifunga daftari, akakaa.