Mwandishi Mwenyewe Alikubali

"Soma hii. Soma halafu uniambie kama ni wewe, ama kuna mwandishi mwingine hapa Thika."

Perez alisukuma simu yake katikati ya sahani mbili za githeri. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na kantini ya kiwanda cha juisi pale Eneo la Viwanda ilikuwa imejaa kelele za vijiko. Waruguru alijua ni mambo ya gemu tena. Tangu gemu ya Nyuma ya Maji itoke wiki hiyo, rafiki yake alikuwa halali wala hali kabla hajasoma maoni ya wachezaji.

Na alikuwa na haki ya kujishaua, maana mwenye hadithi ni rafiki yake. Waruguru ndiye aliyeandika kitabu cha Nyuma ya Maji, jioni baada ya jioni, mikono ikinuka mananasi ya kiwandani. Aliyekigeuza kikawa gemu ya simu ni Jared Obiero wa Ruiru, na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo Jared angefika nyumbani kwa kina Waruguru na wazee wake kwa ruracio, kuleta mahari. Kitabu, gemu na ndoa, vyote kwa mpigo. Watu walisema msichana ana bahati.

Maoni yalikuwa ya kila aina.

"Picha kali! Sauti ya maji imenifanya nivae sweta," aliandika mmoja.

"Nilisoma kitabu kwanza. Hii gemu imenivunja roho," aliandika Mumo.

"Nyinyi watu wa vitabu hamridhiki. Nyakio ameokolewa, ameolewa, mnataka nini tena?" alijibiwa.

Halafu akaja mtu anayeitwa Muoki, na Muoki hakuwa na masihara:

"Kwenye kitabu, mfalme wa maji anamwonyesha Kihoro wanawake waliofunikwa gubigubi, anamwambia chagua mpenzi wako. Kihoro anaangalia, anasema hayuko hapa. Na kweli hayuko. Nyakio ametoroka mwenyewe, yuko juu ya maporomoko anangoja vita. Hapo ndipo mimi nililia. Sasa kwenye gemu mmemweka kwa mstari, tena na taa juu ya kichwa! Hata mtoto anamchagua. Nani aliamua hivi?"

Chini yake kulikuwa na jibu la Jared:

"Asante kwa maoni. Mwandishi mwenyewe alikubali mabadiliko haya."

Waruguru alilisoma mara ya pili. Akaweka kijiko chini.

"Ulikubali?" Perez aliuliza.

"Sijawahi hata kuambiwa."

"Kwani hujacheza mpaka mwisho?"

"Jared aliniambia nicheze pole pole, nisiharibu utamu."

"Woi," Perez alisema. "Kumbe utamu ulikuwa huo."

Waruguru alitoka nje, akasimama kando ya ukuta wa kiwanda, akapiga simu.

"Sasa, mrembo?" Jared alipokea kwa sauti ya asali.

"Jared, mwandishi alikubali nini?"

Asali ikakauka.

"Babe, hiyo si kitu ya simu."

"Basi kesho jioni nikitoka kazi nakuja Ruiru. Tupatane Kamakis."

Sasa, msomaji, usidhani huyu alikuwa mwanamke wa kutafuta sababu. Alimpenda Jared. Walikutana pale kwenye nyasi za hoteli ya zamani ya Chania, Jared akiwa amekuja kurekodi sauti ya maporomoko, Waruguru akiwa amekaa akisemesha wahusika wake kwa sauti kama mtu aliyepagawa.

"Samahani, madam," Jared alimwambia siku hiyo. "Unaongea ndani ya mto wangu."

Walicheka hadi mlinzi akaja kuona kuna nini. Kuanzia hapo Jared akawa mtu wa kwanza kusoma kila ukurasa, na alipofika mahali Kihoro anaposema hayuko hapa, alimpigia simu akashindwa kuongea. Ndiyo maana Waruguru aliumia. Mtu asiyejua thamani ya kitu akikivunja unamsamehe. Huyu alijua.

Ijumaa jioni Kamakis ilinuka moshi wa nyama kila upande. Jared alikuwa ameagiza mbavu na kachumbari, na alikuwa amevaa ile shati ya bluu ambayo Waruguru huipenda. Mtu mwenye makosa hujua kuvaa.

"Kula kwanza," alisema.

"Nyama ya mtu siili kabla sijajua kama atakuwa bwana yangu. Ongea."

Jared alishusha pumzi.

"Watu tuliowapa gemu wajaribu walikuwa wanakwama hapo mwisho. Wanatafuta Nyakio kwa mstari, hawampati, wanakasirika, wanafuta gemu. Wenye kampuni ya kuitoa gemu wakasema watu wanataka kumuona msichana, waoane, iishe. Wakasema nisipobadilisha hawaitoi."

"Ukabadilisha."

"Ni scene moja tu, Waruguru."

"Ni hiyo scene moja niliandikia kitabu yote."

"Najua."

"Unajua? Na kwa nini hukuniuliza?"

"Kwa sababu ungekataa."

Jared mwenyewe aliyasikia maneno yake. Yalikuwa yametoka, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Kwa hivyo jibu langu ulikuwa nalo," Waruguru alisema polepole. "Ukaliweka mfukoni, ukatoa lingine, ukaandika jina langu chini yake."

"Walikuwa wananivamia kwa comments! Nilitaka wanyamaze tu."

"Sasa sikiza. Pale pale uliandika uongo, andika ukweli. Sema mwandishi hakuulizwa."

"Wenye kampuni watanikata! Na kila mtu ataniona mwongo."

"Hawatakuona mwongo, Jared. Wewe ni mwongo. Kitu imebaki ni kama utakaa hivyo."

"Hii mambo tungoje ruracio ipite, tafadhali. Wazee wangu wametoka Siaya leo. Wako kwa nyumba yangu sasa hivi."

"Ruracio ndiyo yenyewe. Kesho Baba atanishikia kibuyu cha uji aniulize mbele ya watu, hawa watu ninywe chao? Nikisema asinywe, mnarudi na vitu vyenu. Na mimi, Jared, nitasema asinywe."

"Unaweza kunifanyia hivyo?"

Machozi yalikuwa yanamchungulia Waruguru, lakini sauti haikutetemeka.

"Nakupenda vibaya sana. Lakini siolewi na mtu atakuwa ananijibia miaka yote."

Akainuka. Mbavu zilibaki zikipoa kwenye ubao, na mhudumu akauliza kama awafungie.

Jumamosi asubuhi, boma la baba yake, Mzee Gachau, pale Kiganjo liliamkia hema na sufuria. Waruguru alimpa Perez simu yake akae nayo. Hakutaka kushinda akiifungua kuona kama Jared ameandika, halafu moyo umlainike kwa neno nusu. Kama mtu ana ukweli, alisema, aje nao kwa miguu.

Wageni walipobisha na kuimbiwa mlangoni, shangazi yake, Tata Idah, aliwakusanya wanawake chumbani na rundo la leso. Desturi ni ile ile: wasichana wanafunikwa kutoka kichwani, wanapangwa mstari, na bwana harusi anamtafuta wake. Akikosea anapigwa faini, watu wanacheka, maisha yanaendelea.

"Waruguru, ingia hapa katikati," Tata Idah alisema.

"Tata, mimi siingii kwa mstari."

"Ngai! Mstari bila mwenyewe?"

"Si ulituambia wewe ulifichwa kwa jirani?"

"Mimi nilifichwa nikiwa na furaha! Wewe tangu jana una uso wa mvua. Kuna nini?"

Waruguru akamweleza kwa kifupi. Tata Idah hakuelewa mambo ya gemu, lakini habari ya mtu kujibiwa bila kuulizwa aliielewa mara moja. Alikuwa ameolewa miaka mingi.

"Sawa," alisema huku akivuta leso. "Lakini kama ni mtihani, basi uwe mtihani. Perez, vaa viatu vya mwenzako. Vile vyekundu."

"Na akinichagua mimi?" Perez aliuliza.

"Akuoe," Waruguru alisema.

Walicheka, lakini kicheko cha Waruguru kilikuwa kifupi. Alienda peku hadi jikoni la nje, akasimama nyuma ya mlango wa mabati, mahali pana ufa.

Jared aliletwa mbele ya mstari. Alikuwa amenyoa, na macho yalikuwa mekundu ya mtu ambaye usiku haukumpa usingizi. Akapita wa kwanza, akapita wa pili. Binamu yake kutoka Siaya hakuvumilia.

"Omera! Viatu! Angalia viatu!"

Viatu vyekundu vilikuwa vinachungulia chini ya leso, vinang'aa. Ukoo mzima wa Jared ukaanza kushangilia. Jared akasimama mbele ya Perez. Kule nyuma ya mabati Waruguru alibana jicho kwenye ufa. Alijua akimfunua huyo, kila mtu atacheka, na yeye hatacheka tena.

"Hivi viatu ni vya Waruguru," Jared alisema. "Nilikuwa na yeye akivinunua."

"Basi mfunue!" wakapiga kelele.

Jared akarudi nyuma hatua moja.

"Yeye hayuko hapa."

"Ukikosea ni kondoo!" Tata Idah alimtisha.

"Hata akiwa ni ng'ombe. Hayuko, Mama. Waruguru amenikasirikia, na hawezi kusimama kwa mstari angoje nimuokote."

Wanawake wakacheka, lakini Jared hakucheka. Aligeuka kwa wazee.

"Wazee, nina neno. Kitabu cha binti yenu mimi nilikitengeneza kuwa gemu. Mwisho wake niliubadilisha bila kumuuliza. Watu walipolalamika nikasema yeye ndiye alikubali. Hakukubali. Nilimsingizia."

 Mzee Gachau aliweka fimbo yake magotini.

"Kijana, mimi gemu sijui. Umesema mtu amekubali kitu, na hukumuuliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Na leo umekuja kwangu kufanya nini?"

"Kuuliza, mzee."

"Kumbe unajua kuuliza."

Mzee mmoja wa Siaya alikohoa, akaangalia chini. Mlango wa mabati ukalia, na Waruguru akatoka jikoni peku, leso begani, akapita katikati ya watu hadi mbele ya Jared.

"Hapa umesema kwa watu wa hema," alimwambia. "Watu wa gemu hawako hapa."

Jared alitoa simu akampa. Chini ya swali la Muoki, lile jibu la zamani lilikuwa bado lipo, na chini yake lingine la asubuhi hiyo:

"Hapo juu nilidanganya. Mwandishi Waruguru Gachau hakuulizwa na hakukubali. Mimi Jared niliubadilisha mwisho kwa kuogopa. Makosa ni yangu."

Waruguru alilisoma pole pole.

"Uliandika saa ngapi?"

"Kabla tutoke Ruiru."

"Mbona hukunipigia unieleze?"

"Ungedhani naandika ndio unikubali. Hata ukikataa leo, hayo maneno yatakaa hapo."

"Na wenye kampuni?"

"Wamesema tuongee Monday. Kwa sauti mbaya."

"Na mwisho wa gemu?"

"Nataka kuurudisha vile uliandika, bila taa, hata kama watanifukuza nitafute wengine." Akamwangalia machoni. "Kama utakubali. Nakuuliza."

Alikuwa amelingoja neno hilo moja tangu Alhamisi, na lilipokuja alishindwa kuzuia machozi. Hakulijibu. Mzee Gachau alikuwa ameshainuka, kibuyu cha uji mkononi, na jibu la kwanza lilikuwa la baba.

"Waruguru. Watu hawa wameleta kinywaji. Ninywe?"

Perez alikuwa ameshajifunua na leso imemning'inia sikioni. Binamu wa Jared alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Waruguru alimwangalia Jared, shati ya bluu imelowa jasho, hana pa kujificha, na akamwona yule kijana wa pale Chania, yule aliyepiga simu akashindwa kuongea kwa sababu ya ukurasa.

"Kunywa, Baba," alisema. "Kunywa, umpe na yeye. Amekauka koo."

Vigelegele vilipasuka hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Tata Idah alilia kuliko bibi harusi, halafu akakumbuka wali umeungua, akakimbia.

Baadaye, watu wakiwa wamekaa kula, Jared alimletea Waruguru sahani ya mbavu.

"Hizi je, utakula?"

"Hizi nitakula. Za jana zilikuwa za hongo."

Perez aliwajia mbio, viatu vyekundu mkononi na simu ya Waruguru mkono wa pili.

"Waruguru, yule Muoki yuko hapa tena! Ona ameandika nini."

Muoki alikuwa ameandika: "Angalau umesema ukweli, bro. Kuna mtu wa ruracio yenu ameandika hapa ati mnataka kurudisha mwisho wa kitabu. Hii nayo mwandishi amekubali, ama ni zile stori zako?"

Jared alinyoosha mkono aichukue simu, kisha akaurudisha. Waruguru alipangusa mafuta ya nyama vidoleni, akaandika mwenyewe:

"Mwandishi mwenyewe amekubali. Mara hii ameulizwa."