Kiti cha Nane

"Shemeji, huyu binti yako akitoka chuoni, mbona ananipita kama mimi ni nguzo?"

Jirani yangu aliniuliza swali hilo jioni moja, nikiwa naanua nguo. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti chake, akikaza skrubu za redio. Alifanya kazi ya kuzima moto miaka mingi, mpaka mguu wake ulipoungua. Sasa amestaafu, lakini mtaa mzima bado unamwita Zimamoto. Mimi ananiita shemeji, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa rafiki yake.

"Labda anawaza masomo," nikamjibu.

"Mwenye mawazo huinamisha kichwa. Huyu anatazama mbele, ila haoni."

Nilicheka kidogo. Lakini nguo nilizokwisha kuzikunja nilizikunja tena.

Binti yangu ni mtoto wangu pekee. Mwaka ule alikuwa rais wa serikali ya wanafunzi chuoni kwake. Nyumbani nilimwita Mheshimiwa, kwa utani. Nilikuwa nikimwambia, "Mheshimiwa, vyombo havijioshi!" Naye alijibu, "Suala hilo liletwe bungeni." Kisha alikunja mikono ya blauzi na kuosha.

Sasa hakujibu tena. Alikuja, akaweka mkoba, akakaa. Alisema kichwa kinamgonga. Chakula alikitazama tu. Siku moja nilimkuta anakoroga kikombe kwa kijiko. Alikoroga muda mrefu. Nilipochungulia, kikombe kilikuwa kitupu.

Jioni ile ya swali la jirani, binti yangu aliniuliza, "Mama, baba alikuwa anakohoa vipi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu anakuja ofisini kwetu."

Nilikaa chini. Mume wangu alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Akanieleza taratibu. Viongozi wa wanafunzi wako saba. Hukutana kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi mrefu. Kwa wiki kadhaa kila mmoja alihisi kuna mtu nyuma yake, karibu na kabati. Waziri wa malazi alisikia bibi yake akimwita. Waziri wa michezo aliona kivuli cha mtu mrefu. Binti yangu alisikia kikohozi.

Akafungua mkoba, akanionyesha daftari la kumbukumbu za mkutano. Nina elimu ya darasa la saba, lakini kusoma nasoma. Palikuwa pameandikwa: "Waliohudhuria: viongozi saba, na mmoja karibu na kabati."

"Nani kaandika hivi?"

"Katibu. Mwandiko ni wake. Ila anasema hakumbuki kuandika."

"Nanyi mmefanya nini?"

"Tumemwekea kiti, mama. Mgeni hasimamishwi."

Mimi ni mtu wa sala. Najua waliokufa wako mikononi mwa Mungu, na huko hakuna ratiba ya vikao. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia mwanangu. Sikusema. Miaka minne nilikuwa sijakisikia kikohozi kile. Moyo wangu ulisema: nenda ukakisikie.

Kesho yake mchana nilibeba chakula kwenye kikapu, nikaenda chuoni. Umeme ulikuwa umekatika. Ukumbi ule ulikuwa na milango pande zote mbili, yote imefungwa. Kutoka mwisho wake nilisikia mngurumo wa mashine, kama mtu anayekoroma nyuma ya ukuta.

"Hiyo ni jenereta yetu," binti yangu aliniambia kwa fahari. "Iko stoo, nyuma ya ofisi. Zamani ilikaa chini ya dirisha la maktaba. Wenzetu walishindwa kusoma kwa kelele. Kwenye kampeni tuliahidi maktaba yenye utulivu. Tuliposhinda, sisi saba tuliibeba wenyewe mpaka hapa. Kiongozi anakula kelele ili wenzake wasome."

Nilimsifu. Mama gani asingemsifu?

Tukaingia. Katibu, kijana mwembamba mwenye miwani, aliufunga mlango na dirisha ili kelele zisiende nje. Nikatazama juu. Matundu ya hewa ukutani yalikuwa yamezibwa kwa karatasi. Yalikuwa mabango ya kampeni yaliyobaki, yamekunjwa na kusokomezwa. Kwenye tundu moja niliiona sura ya mwanangu. Jicho lake moja lilikuwa linanitazama.

"Na stoo nako mmeziba?"

"Kote, mama. Hata sauti ya sindano haitoki."

Kiti cha nane kilikuwa karibu na kabati. Kilikuwa kitupu, kimepanguswa vizuri.

Wakaanza kikao. Walikuwa wanaandaa ripoti ya kuwaachia viongozi wapya. Kila mmoja alisema alichojifunza mwaka ule.

"Nilikuja hapa sijui mtu," alisema waziri wa malazi. "Sasa chuo kizima kinanijua jina, lakini hakuna anayeniuliza kama nimekula."

"Mimi nilidhani uongozi ni kuhutubia," alisema waziri wa michezo. "Kumbe ni kuamshwa asubuhi uambiwe choo kimeziba."

Wote wakacheka. Lakini kicheko kilichelewa. Kilitoka kama kinatoka chumba cha jirani. Kisha wakaanza kusema polepole. Mmoja alianza sentensi akaiacha njiani. Hakuna aliyemshtua. Nzi alitua mezani, akatembea kidogo, akalala chali.

Ndipo nikasikia. Karibu na kabati. Kikohozi kifupi, kifupi, halafu kirefu.

Ndivyo alivyokohoa mume wangu.

Nilishika ukingo wa meza, nikasali. Kichwa kilikuwa kinavuma. Tumbo lilinichafuka. Hata hivyo sikutaka kutoka. Ningeweza kukaa pale mpaka mwisho wa dunia.

Mara umeme ukarudi. Katibu akaenda kuzima jenereta, na mlango akauacha wazi. Nikatoka nje, nikakaa juani kwenye ngazi. Baada ya muda kichwa kikapoa. Nilitazama nyuma kule ofisini. Kiti kilikuwa kiti tu.

Sikumwambia mtu. Nilikificha kikohozi kile kama mtu anavyoficha barua. Hilo ndilo kosa langu, na nimelitubu.

Lakini Zimamoto hakunipa nafasi. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alikuja uani kwangu na kiti chake na redio, akaichomeka kwenye soketi ya ukutani.

"Shemeji, leo na wewe umenipita kama nguzo. Hii nyumba ina nini?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliweka redio chini, ikaendelea kuimba.

"Hao watoto, wanaoumwa kichwa ni wangapi?"

"Wote."

"Wakitoka nje?"

"Kinapungua. Hata mimi kilipungua."

"Na marehemu anakuja kila siku?"

Nikafikiri. Nikakumbuka siku ambazo binti yangu alirudi kichwa kinamgonga, moja baada ya nyingine. "Hapana. Anakuja siku umeme ukikatika."

Zimamoto akanitazama. "Tangu lini marehemu akasubiri umeme ukatike? Rafiki yangu yule alikuwa akiondoka nyumbani akiacha taa zinawaka, nawe ukimfokea!"

Nikacheka, machozi yakanitoka.

"Nisikilize, shemeji. Jenereta, jiko la mkaa, gari lililowashwa ndani ya banda, vyote hutoa hewa ya sumu. Moshi utauona na kuunusa. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Nje inatawanyika. Ndani inajaa. Ukiivuta, inashika nafasi ya hewa safi ndani ya damu. Kichwa kinauma, unataka kutapika, unalegea kama mlevi. Unasahau. Wengine wanaona na kusikia visivyokuwepo. Halafu unasinzia."

"Halafu?"

"Halafu huamki. Nimewatoa watu wa hivyo. Familia nzima, na jiko la mkaa katikati, kwa sababu kulikuwa na baridi na wakafunga madirisha."

"Lakini jenereta iko stoo, siyo ofisini."

"Waya unapitaje?"

Nikaukumbuka waya niliouona ofisini. Ulitoka kwenye tundu la ukuta, tundu kubwa kama ngumi, nyuma ya kabati. Pale pale penye kiti cha nane.

Sikupata nafasi ya kusema. Redio ilinyamaza katikati ya wimbo.

Tulitazamana. Umeme ulikuwa umekatika.

"Saa hizi wako wapi?"

"Wana kikao. Wanamaliza ripoti."

Nilimpigia binti yangu simu. Iliita sana. Mwishowe alipokea.

"Mwanangu, tokeni nje! Tokeni sasa hivi!"

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Hatuwezi kutoka. Baba ndiyo kwanza ameketi."

Kisha nikasikia simu ikianguka, na mngurumo wa mashine.

Tulipanda pikipiki mbili. Njiani Zimamoto alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Mimi nilisali neno moja tu, sikumbuki lipi. Tulipofika, ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa. Nilikimbia kuufikia. Zimamoto alinidaka mkono.

"Usiingie kichwakichwa! Ukianguka na wewe, nitabeba wangapi? Wengi hufa wakiokoa wenzao."

Akamwamuru mlinzi wa chuo, aliyetufuata kutoka getini, afungue mlango wa nje wa stoo, azime mashine na kurudi nje haraka. Akawaambia wanafunzi waliokuja mbio wavunje vioo vya dirisha kwa nje. Kisha akavuta pumzi ndefu, akasukuma mlango, akaingia, akatoka na mmoja. Akavuta pumzi, akaingia tena. Mguu wake mbovu ulikuwa unaburuta sakafuni. Hewa ilipopungua ukali, vijana wawili wenye nguvu walimsaidia.

Binti yangu alikuwa wa tatu kutoka. Alikuwa anapumua.

Wa mwisho alikuwa katibu. Walimkuta ameinamia daftari. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Kwenye ukurasa alikuwa ameandika "Waliohudhuria," na baada ya hapo mstari mmoja uliokwenda mpaka ukingoni na kuendelea juu ya meza.

Wote saba tuliwalaza kwenye nyasi, upepo unakopita. Gari lilipofika, Zimamoto alimwambia muuguzi, "Hawa wamevuta hewa ya sumu ya jenereta. Mwambieni daktari hivyo hivyo, asije akawatibu malaria."

Walipewa hewa safi ya mitungi hospitalini. Sita walirudi nyumbani baada ya siku mbili. Katibu alikaa wiki nzima. Mungu alimrudisha.

Binti yangu alipopata nguvu aliitisha mkutano wa wanafunzi wote. Nilikaa nyuma kabisa. Hakusoma karatasi.

"Tuliwaahidi utulivu, tukawapa," alisema. "Jenereta tuliibeba kwa mikono yetu, tukajiona mashujaa. Hatukumuuliza fundi hata mmoja. Mabango yenye sura zetu tukayafanya vizibo. Tulidhani kutumikia ni kuumia kimya. Kumbe kutumikia ni kuuliza pia. Msitufuate kwenye hilo."

"Sasa kelele zirudi maktaba?" mmoja alipaza sauti.

"Hazirudi. Na mtu hafi."

Fundi umeme wa chuo aliitwa. Jenereta ilipelekwa uwanjani, mbali na kila dirisha na kila mlango, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Waya mrefu ulivutwa mpaka majengoni. Tundu la ukuta lilizibwa kwa saruji. Viongozi wenyewe walipanda ngazi, wakachomoa mabango matunduni. Zimamoto alialikwa kufundisha. Alisema maneno machache: mashine ya mafuta haiwashwi ndani, hata mlango ukiwa wazi. Jiko la mkaa haliingizwi chumba cha kulala. Mkiumwa kichwa wote kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, tokeni kwanza, jadilianeni nje.

Mimi pia nilibadilika. Wakati wa baridi nilikuwa na tabia ya kuingiza jiko la mkaa chumbani ili liondoe baridi. Sasa linabaki uani. Najifunika blanketi mbili.

Kichwa cha mwanangu hakiumi tena. Akipita, anamsalimia Zimamoto, naye anamjibu, "Leo nguzo imeonekana!"

Wiki iliyopita alikabidhi ofisi. Nilikwenda kushuhudia. Dirisha lilikuwa wazi, upepo unageuza karatasi mezani. Rais mpya, kijana mchangamfu, alihesabu vitu akilinganisha na orodha. Meza moja. Kabati moja. Akafika kwenye viti.

"Viongozi saba, viti vinane," alisema. "Dada, hiki cha nane cha nani?"

Katibu alivua miwani, akaifuta. Nilijikuta nimetega sikio upande wa kabati. Sikusikia kitu ila upepo.

Binti yangu alikinyanyua kile kiti. Alikibeba mpaka mlangoni, akaufungua mlango wote mpaka ukagusa ukuta, akakiegemeza pale ili usijifunge. Akakijaribu kwa mkono. Hakikutikisika.

Kisha akatoka.